Likizo ya Sandler, hasara ya mtazamaji

Komedi ya mapenzi ndiyo filamu ambayo mtazamaji anaujua mwisho wake kabla hajalipa kiingilio. Wale wawili waliopo kwenye bango, mmoja akimtupia mwenzake jicho la pembeni, wataoana. Hiyo si kasoro. Tunakwenda kuangalia wamefikaje huko, na kwa nini imewachukua saa nzima na nusu kuling'amua jambo ambalo sisi tuliokaa vitini tulilijua tangu dakika ya kumi. Raha yote iko njiani.

Ndiyo maana ikiharibika inauma. Filamu ya ngumi ikiwa mbovu, ngumi zenyewe zinabaki. Filamu ya kutisha ikiwa mbovu, mtaicheka. Komedi ya mapenzi isiyochekesha, na ambayo wahusika wake huwatakii heri wala shari, haina pa kushika.

"Blended" ni ya kundi hilo. Ilitoka Marekani Mei 2014 chini ya mwongozaji Frank Coraci, steringi wake wakiwa Adam Sandler na Drew Barrymore, na sehemu kubwa ya kisa chake imewekwa Afrika Kusini. Ina umri sasa, lakini filamu za Sandler hazizeeki upesi mitaani kwetu. Mwenye intaneti atazikuta huko, asiye nayo atazipata kwa jirani. Na bado wapo wanaoisifia kwa hoja moja tu, kwamba "imechezwa Afrika". Imepigiwa picha Afrika, kweli. Lakini tunachoonyeshwa humo ni hoteli.

Mgema alipokwisha kusifiwa

Huwezi kuvunjwa moyo na kitu ambacho hukukitarajia. Mashabiki wa wawili hawa walitarajia mengi, na walikuwa na haki, kwa sababu Sandler na Barrymore walikuwa wameshatupa filamu mbili nzuri.

Ya kwanza ni "The Wedding Singer" ya mwaka 1998, iliyoongozwa na Coraci huyuhuyu. Sandler ni Robbie, mwimbaji wa kwenye harusi katika mwaka 1985, ambaye mchumba wake anamwacha siku ileile ya ndoa. Barrymore ni Julia, mhudumu wa karamu, aliyechumbiwa na kijana mwenye fedha na macho ya juujuu. Julia anamwomba Robbie amsaidie kuandaa harusi yake. Tazama mtego ulivyotegwa: mwanamume aliyeumizwa na harusi anampangia harusi mwanamke anayeanza kumpenda, na kila anavyoifanya kazi hiyo vizuri ndivyo anavyomsogeza mikononi mwa mwingine. Hapo mwandishi hahitaji kumwangusha mtu kwenye bwawa ili tucheke. Hali yenyewe inachekesha na kuuma kwa pamoja.

Ya pili ni "50 First Dates" ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Peter Segal. Lucy alipata ajali ya gari, na tangu siku hiyo kila akilala kumbukumbu za jana zinafutika. Henry, daktari wa wanyama wa baharini huko Hawaii, anampenda, na kila kukicha inambidi aanze upya: ajitambulishe, amchekeshe, apendwe. Filamu ina utani wa chooni kama filamu zote za Sandler, lakini ndani yake kuna swali la watu wazima kuhusu ndoa. Je, uko tayari kumtongoza mtu mmoja kila siku maisha yako yote? Tena waandishi wake hawakudanganya. Lucy haponi. Mwishoni anaamka ndani ya mashua, anatazama mkanda wa video unaomweleza maisha yake, kisha anapanda juu na kumkuta mume na binti ambao hawakumbuki. Watu wazima na ndevu zao wamelia hapo.

Kwa hiyo habari ilipotoka kwamba wawili hao wanarudi, miaka kumi baadaye, safari hii wakiigiza wazazi wa makamo, kila mpenzi wa aina hii ya sinema alijiandaa kwa furaha. Wahenga walishatuonya kuhusu mgema na sifa. Tembo la safari hii lilitiwa maji mengi.

Kisa kizuri kilichotelekezwa

Kinachoudhi zaidi ni kwamba msingi wa "Blended" si mbaya hata kidogo. Jim, anayeigizwa na Sandler, ni mgane mwenye mabinti watatu. Anawapenda, ila hajui kulea wasichana: anawanyoa kama wavulana, anawavisha suti za michezo, na wa katikati amempa jina la Espn kwa heshima ya kituo cha televisheni cha michezo. Lauren, anayeigizwa na Barrymore, ameachana na mumewe na anawalea wavulana wawili peke yake. Mmoja ana hasira na baba asiyetokea, mwingine hawezi kuupiga mpira wa besiboli hata awekewe mbele ya pua.

Wanakutanishwa bila kujuana, na Jim anampeleka Lauren kwenye mgahawa ambao wahudumu wake wanajulikana kwa nguo fupi kuliko kwa chakula. Miadi inavunjika vibaya. Siku chache baadaye wanagongana dukani, baba akihangaika mbele ya rafu ya mahitaji ya hedhi ya bintiye asijue achukue kipi, na mama akiwa na aibu yake mwenyewe, kwani anataka kununua gazeti la picha za uchi badala ya lile la mwanawe alilolichana. Kila mmoja anamwokoa mwenzake. Ni tukio zuri kuliko yote katika filamu nzima, na wala halikuhitaji ndege wala tembo. Mzazi mmoja anatambua upungufu wake, anaona kwamba mtu asiyempenda ndiye anayeujua upande ule asioujua yeye. Kuanzia hapo mwandishi makini angeweza kujenga saa mbili.

Na kuna jeraha kubwa zaidi. Espn, binti wa katikati, bado anazungumza na mama yake aliyefariki, na anataka awekewe nafasi kana kwamba yupo. Hapo ndipo penye filamu. Katika nyumba ya namna hiyo, mwanamke mpya hashindani na mwanamke mwingine. Anashindana na kiti kitupu. Baba akicheka sana na mgeni, mtoto anaona mama anafukuzwa. Baba akijizuia, anazeeka peke yake. Yeyote aliyewahi kuingia nyumbani kwa watu kama mama wa kambo, au aliyewahi kumpokea, anajua kwamba pale mezani vita na vichekesho hutoka katika chungu kimoja.

Waandishi wa filamu hii, Ivan Menchell na Clare Sera, waliliona jambo hilo, kwa sababu walimuumba Espn. Lakini kila filamu inapoukaribia ukweli huo, mtu anaanguka, mnyama anajamba, au kundi la waimbaji linarukia mbele ya kamera. Kwa muda wa dakika 117 tunapewa huzuni kwa kijiko na utani kwa beleshi.

Fungate ya kununua

Waandishi waliwafikishaje hawa wawili Afrika? Rafiki wa Lauren alikuwa na uhusiano na bosi wa Jim, na bosi huyo alishalipia safari ya kifahari. Uhusiano unavunjika, safari inabaki. Jim ananunua nusu yake kwa siri, Lauren ananunua nusu yake kwa siri, na familia mbili zinajikuta hotelini katika chumba kimoja, kwenye wiki maalumu ya fungate kwa wazazi waliooana upya pamoja na watoto wao.

Bahati nasibu ya namna hiyo inakubalika katika komedi mara moja, tena mwanzoni. Tatizo ni kwamba baada ya hapo hoteli ndiyo inayofanya kazi ambayo wahusika walipaswa kuifanya. Binti mkubwa anasumbuliwa na sura ya kiume aliyopewa na baba yake. Lauren anampeleka saluni ya hoteli, anatoka na nywele ndefu na gauni, kijana mmoja anaduwaa, mambo yamekwisha. Mtoto wa Lauren hawezi besiboli; Jim anamfundisha, naye Dale Steyn, mrushaji maarufu wa kriketi wa Afrika Kusini, anapita hapo kama yeye mwenyewe. Wapenzi wanahitaji kukaribiana. Kuna meza ya chakula cha jioni yenye mishumaa, kuna masaji, kuna mwavuli wa kurushwa angani. Kila tatizo lina huduma yake, na kila huduma imo kwenye bei ya chumba.

Hapo ndipo mapenzi yanapokufa. Katika komedi nzuri ya mapenzi, mtu hubadilika kwa sababu ya kutoa kitu kinachomgharimu: kiburi chake, mipango yake, usalama wake. Frank Capra alilijua hilo tangu mwaka 1934 katika "It Happened One Night", filamu iliyochukua Oscar zote tano kubwa. Mwandishi wa habari maskini na binti wa tajiri wanalala chumba kimoja, wametenganishwa na blanketi lililotundikwa kwenye kamba. Blanketi tu. Lakini lile blanketi linabeba tabaka, heshima, woga na hamu, na mtazamaji anasubiri lianguke kwa roho juu. "Blended" ina kasri zima na haina blanketi hilo.

Hata mpinzani hayupo. Mume wa zamani wa Lauren, anayeigizwa na Joel McHale, ameandikwa kuwa mzembe na mdanganyifu kiasi kwamba hakuna mtazamaji atakayedhani kwa dakika moja kwamba mwanamke huyu anaweza kumrudia. Kama kushinda ni hakika na hasimu ni kikaragosi, Sandler ana haja gani ya kujitahidi? Na kweli, hajitahidi. Huyu ni mwigizaji aliyefanya "Punch-Drunk Love" mwaka 2002 na ambaye baadaye angefanya "Uncut Gems" mwaka 2019. Akitaka, anaweza kukuondolea usingizi. Humu anatembea na kaptura na uso wa mtu anayesubiri kuitwa kwenda kula. Barrymore ndiye anayebeba mzigo. Anapomwimbia binti mdogo wa Jim kitandani, kwa sekunde kadhaa unaiona ile filamu iliyoweza kuwapo.

Mwaka huohuo wa 2014, akizungumza na Jimmy Kimmel kwenye televisheni, Sandler alieleza kwa utani kwamba tangu "50 First Dates" amekuwa akipeleka filamu zake mahali anapotaka kupumzika. Kisa cha Lucy hakikuandikwa kiwe Hawaii. Yeye ndiye aliyependekeza kihamishiwe huko. Sioni kosa katika hilo, na Hawaii iliisaidia ile filamu. Kosa ni pale mtu anapopanda ndege na kusahau kubeba filamu.

Afrika ya hotelini

Hoteli inayoonekana ni ya Sun City, mkoa wa Kaskazini Magharibi, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Johannesburg, jirani na mbuga ya Pilanesberg. Ni mahali penye historia nzito kuliko filamu inavyojua. Sun City ilifunguliwa mwaka 1979 na mfanyabiashara Sol Kerzner ndani ya Bophuthatswana, moja ya zile "nchi" ambazo utawala wa makaburu uliziunda ili kuwavua Waafrika uraia wao. Kamari ilikuwa marufuku Afrika Kusini, ila katika "nchi" hiyo bandia iliruhusiwa, basi matajiri wakawa wanavuka kwenda kucheza. Wanamuziki wakubwa walialikwa kutumbuiza kwa fedha nyingi, baadhi wakaenda. Mwaka 1985 Steven Van Zandt aliwakusanya wasanii akiwamo Miles Davis, Bob Dylan na Bruce Springsteen, wakatoa wimbo wa kuapa kwamba hawatakanyaga hapo.

Kasri linaloonekana kwenye filamu, Palace of the Lost City, lilifunguliwa mwaka 1992. Limejengwa kwa ngano iliyobuniwa na wenye hoteli, kwamba ni magofu ya mji wa kale uliopotea na kugunduliwa upya. Hakukuwa na mji wa kale wala magofu. Kwa maneno mengine, mwongozaji alikwenda kupiga picha Afrika ya kubuni iliyojengwa na mfanyabiashara, akaichukua kama ilivyo, akaongeza chumvi.

Chumvi yenyewe ni hii: Waafrika wote humo wanahudumia, wanaimba, wanacheza au wanatabasamu. Mcheshi mkuu wa Kiafrika, Nickens, kiongozi wa kundi la waimbaji linalowafuata wageni kila kona, anaigizwa na Terry Crews, Mmarekani wa Michigan, kwa lafudhi isiyo ya mahali popote. Afrika Kusini ni nyumbani kwa isicathamiya, uimbaji wa kwaya wa wanaume ambao Ladysmith Black Mambazo waliupeleka dunia nzima. Filamu inageuza sanaa hiyo kuwa kengele ya kutuarifu kwamba sasa ni zamu ya kucheka. Wanyama wanafanya kazi hiyohiyo. Vifaru wanapandana mbele ya gari la wageni, mbuni anapandwa kama punda. Mhakiki A. O. Scott wa The New York Times alilishutumu hilo waziwazi wakati ule, akasema Waafrika wameonyeshwa kama viumbe wa maonyesho.

Mimi naongeza lalamiko la mpenda sinema. Hii ni filamu ya mapenzi, na katika bara lote hilo wanalolitaja kwa jina moja kama wilaya, hakuna Mwafrika hata mmoja mwenye kisa chake cha mapenzi. Hakuna mhudumu anayemkosea mchumba wake kwa sababu ya zamu za usiku. Hakuna mpishi mwenye talaka. Komedi za zamani zilijua thamani ya wahusika wa pembeni. Mtumishi alikuwa na penzi lake jikoni lililofanana na la bosi sebuleni, na mara nyingi lilikuwa na akili zaidi. Kuwanyima Waafrika mapenzi katika filamu ya mapenzi ni dharau, sawa, lakini pia ni ufundi mbovu: umejinyima nusu ya vichekesho vyako.

Tena haikuwa lazima. Mwaka mmoja tu baadaye, 2015, Akin Omotoso alitoa "Tell Me Sweet Something", komedi ya mapenzi ya Johannesburg. Moratiwa, anayeigizwa na Nomzamo Mbatha, ana duka la vitabu linaloyumba katika mtaa wa Maboneng na ndoto ya kuwa mwandishi. Nat, anayeigizwa na Maps Maponyane, ni mwanamitindo asiye na habari na vitabu. Hakuna simba wala ngoma za mapokezi. Kuna mji, kuna marafiki wenye midomo, kuna wawili wanaoona haya. Nayo ina mapungufu yake, lakini vikwazo vyake vimetoka kwa wahusika wenyewe. Mwaka 2016 Nigeria ikaleta "The Wedding Party" ya Kemi Adetiba, ambayo imetengeneza vurugu nzima kutokana na siku moja ya harusi na koo mbili zisizopendana. Watu walijaza kumbi za Lagos kwa sababu waliwajua shangazi wale.

Hukumu, na neno kwa wa nyumbani

Kibiashara, "Blended" haikuanguka. Iliingiza zaidi ya dola milioni 120 duniani, na chini ya milioni 50 kati ya hizo zilitoka Marekani na Kanada. Maana yake walioilipia zaidi ni sisi wa nje. Baadaye mwaka huohuo Sandler alisaini mkataba wa filamu nne na Netflix, na tangu hapo hana haja ya kusubiri mstari wa tiketi. Kwa hiyo asitegemee mtu kwamba soko litamwadhibu mzembe. Kinachobaki ni ulimi wa mtazamaji.

Wangu unasema hivi: "Blended" ni filamu yenye tukio moja zuri la dukani, wimbo mmoja wa kitandani, mtoto mmoja aliyeandikwa kwa huruma, na yote mengine ni matangazo ya hoteli. Kama una jioni moja ya Jumamosi na mtu wa kukaa naye, chukua "50 First Dates" hata kama umeshaiona, au itafute "Tell Me Sweet Something".

Kwa watengenezaji wetu wa Bongo Movie na wenzao wa Nairobi, nina ombi. Ugonjwa huu tunao pia. Filamu ngapi zetu za mapenzi zinapigwa kwenye nyumba ya kuazima yenye ngazi za marumaru, gari la kuazima getini, na safari ya Zanzibar inapofika mahali ambapo mwandishi ameishiwa? Ufukwe wa Nungwi ni mzuri, lakini haujawahi kumfanya mtu ampende asiyempenda. Wagane wanaolea mabinti tunao, watalaka wanaoogopa kuanza upya tunao, watoto wanaomkataa baba wa kambo tunao katika kila mtaa. Hollywood ilikuwa na kisa hicho mkononi, ikakiacha kwenye kaunta ya mapokezi ya hoteli. Kichukueni ninyi, mkiandike vizuri, na msiwashe kamera kabla hamjajua ni kitu gani kinawazuia wawili hao wasipendane.